Nilikarabati nyumba ya babu Kisarawe ikawa kama ndoto, shangazi akahamia kwa jirani

Milioni thelathini na nane na laki nne. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili ilizidi, kwa hiyo nimeacha kuhesabu.

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana siku hizi hata chumvi naulizia bei kwanza.

Nipo Kibaha, Pangani, nina duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ni kubishana bei. Wateja wakiisha nabishana na wanaoniletea mzigo.

Nyumba yenyewe ipo Kisarawe. Babu aliijenga kabla ya uhuru: mawe na chokaa, vyumba vitatu kila upande, katikati ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi mlango wa uani. Mliokulia nyumba za pwani ramani hiyo mnaijua.

Anayeishi humo ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Hajawahi kuishi kwingine.

Sasa paa likaanza kuvuja, ukuta wa nyuma ukapata ufa wa kuingiza mkono. Akatokea mnunuzi anayetaka kiwanja ajenge lodge. Ndugu zangu macho yakawatoka.

Tukakaa kikao, tukakubaliana hivi: shangazi akiendelea kuishi mle, nyumba haiuzwi. Akitoka, inauzwa.

Nikasema basi naikarabati kwa pesa yangu, azeekee pazuri. Nikamchukua kijana wa interior, wale wanaopanga na kupamba nyumba kwa ndani, anaitwa Eliya, na shangazi nikamhamishia kwangu Pangani kwa muda.

Hapa kuna jambo litawachekesha wanaonifahamu. Ile nyumba ilianza kunichukua akili.

Asubuhi kule ukungu unashuka kutoka upande wa msitu, unaingia mlango wa mbele, unapita ukumbini polepole kama mtu anayetafuta chumba chake, halafu unatokea uani.

Mafundi walipokwangua ukuta, rangi zikawa zinatokea moja nyuma ya nyingine. Kijani, bluu, waridi, bluu tena, na chini kabisa ule udongo mweupe wa kilimani waliokuwa wanapaka zamani. Ile waridi niliijua. Niliwahi kulala na homa nikiitazama, bibi anapita ukumbini, simwoni, nasikia khanga yake tu.

Mchana mmoja nikajilaza kwenye sakafu ya saruji nyekundu. Ubaridi wake ni ule ule. Sijui kama nilisinzia, ila niliona wanawake wanatoka kwenye mwanga wa uani wanaingia kivulini, mmoja na sinia, mwingine na mtoto mgongoni, wanaongea, na hakuna anayepiga hodi.

Nilipofumbua macho Eliya amesimama juu yangu na tepu mkononi.

"Bosi, unapima nini?"

Nikamwambia napima usingizi.

Dizaini yake ilikuwa hivi: ule mwisho wa ukumbi uwe jiko la wazi, open plan, kaunta katikati, na badala ya mlango wa uani uwekwe mlango mpana wa kioo wa kusukuma, ili mtu apike huku anaona miti. Nikauliza bei. Akataja. Nikakaa chini.

"Na kioo kisichofunguka?"

"Kinapungua laki sita. Lakini bosi, hakifunguki."

"Na mwizi naye hatakifungua."

Nikajiona mjanja wa mkoa mzima.

Ule mlango wa zamani, mvule mzito, nikamuuzia jamaa aliyekuwa anapita na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akikusanya milango ya kale. Alianza na elfu themanini, nikamfikisha laki na ishirini. Nilijisifu siku nzima.

Huku Pangani nilikuwa namwonyesha shangazi picha kwenye simu. Anavaa miwani, anaangalia, anavua.

"Panang'aa. Kama hospitali ya kulipia."

"Shangazi, hiyo ni sifa au lawama?"

"Si nimesema ya kulipia."

Kazi ikaisha. Sakafu nyekundu tuliibakiza, ikasuguliwa mpaka ikarudisha taswira. Kipande cha ukuta chenye rangi zote kikawekewa fremu. Taa tukazificha juu ya boriti, mwanga unashuka wa manjano, laini. Ukiziwasha, ukumbi unakuwa kama kitu ulichokiota zamani ukakisahau. Nilisimama pale nikashindwa hata kumwomba Eliya punguzo la mwisho.

Karibu nishindwe.

Nikamrudisha shangazi. Habari ikafika mtaani, wakaja kumpokea.

Sasa elewa kitu kimoja. Kwetu mlango wa mbele una baraza, na barazani wanakaa wanaume. Wanawake wanazunguka nyuma, wanaingilia uani, tena wanaingia wakiwa tayari katikati ya maongezi. Nimekua nikiona hivyo kila siku, na wakati najadili bei ya kioo halikunijia kichwani hata kidogo.

Bi Tatu, jirani, kazunguka na bakuli la kisamvu, akafika kwenye kioo, akasimama.

"Mwenzangu! Tunapita wapi?"

"Zunguka mbele!" shangazi akapaza sauti.

"Nizunguke mbele, nimekuja kuposa?"

Shangazi alicheka mpaka akashika kaunta. Mimi pia nilicheka. Kisamvu kikarudi kilikotoka.

Kesho yake walikuja wawili, wakapunga mikono kwenye kioo wakaondoka. Keshokutwa yake alikuja paka.

Baada ya hapo shangazi akawa anabeba mkeka kwenda uani kwa Bi Tatu. Mwanzo kwa saa moja. Kisha mchana kutwa. Jumamosi moja nimefika, nakuta kitanda kimetandikwa vizuri na mto haupo.

Nikamfuata kwa jirani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nyumba ina kasoro gani? Wewe sema tu, nitarekebisha."

"Haina kasoro, nzuri sana. Ila nikikaa mle naona kama nimekuja kumtembelea mtu, na mwenyewe hayupo."

Na kwenye group la familia kaka yangu alishaandika: tunasikia shangazi amehama, tukutane Jumapili ijayo. Mnunuzi naye bado anapiga simu.

Juzi nimeita mafundi, kioo kimetolewa. Kilipotoka tu, upepo ukapita kutoka mbele hadi nyuma, nyumba nzima ikavuta pumzi. Vumbi halijatulia Bi Tatu kashaingia, yupo katikati ya kumsema mtu. Shangazi hakukaa kwenye viti vyangu virefu vya kaunta. Alikaa chini, pale pale kizingitini, akaanza kuchambua mchele. Wakaja wengine. Mwanga wa uani nyuma yao, mmoja ana sinia, mwingine mtoto mgongoni.

Nilijigusa mkono kuhakikisha kwamba nipo macho.

Lakini jioni akaufuata mto wake kwa Bi Tatu tena. Pale wazi nimetundika khanga tu.

"Nilale nyumba isiyo na mlango, mimi mbuzi?"

Nikamwambia naleta wa aluminiamu kutoka dukani kwangu, mpya kabisa.

"Rudisha ule wa baba. Ukirudi, na mimi narudi."

Hajui kwamba niliuuza. Nimemwambia upo kwa fundi, unapigwa msasa.

Nilichojifunza, kabla hujabomoa nyumba ya zamani kaa ndani siku nzima uangalie watu wanaingilia wapi. Mimi nilihesabu mifuko ya saruji, nikahesabu vigae, nikahesabu hadi misumari. Watu sikuwahesabu.

Sasa wakuu, naomba msaada. Mlango ni wa mvule, mbao mbili, una komeo la chuma, kona ya chini kushoto imeungua kidogo kwa jiko la mkaa. Jamaa ana kirikuu cha bluu. Alitaja Mlandizi, au Kwala, sikumsikiliza vizuri, nilikuwa nahesabu hela zake. Namba yake sina.

Mwenye kuuona anijulishe kabla ya Jumapili. Na kama kuna aliyewahi kukomboa kitu alichokiuza mwenyewe, anielekeze pa kuanzia, maana mimi nimezoea upande wa pili wa meza.

Bei ataje yeye, sitapunguza hata mia.

Ila hilo msimwambie.