Ng'ombe wa Mama na Taa Zilizojiwasha Zenyewe

Siku ng'ombe wa mama yangu alipotolewa bandani, naikumbuka kuliko hata siku tuliyomzika mama mwenyewe. Sikuwa kijana tena, mvi zilishaanza. Lakini mwanangu, mtu ambaye mama yake yu hai bado ni mtoto, na hana haraka ya kujifunza.

Mama aliishi peke yake Marangu, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, kati ya migomba na mibuni, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Baba alipofariki alianza kumwita ng'ombe huyo mke mwenza. "Tumebaki wajane wawili," alikuwa akisema, "na mwenzangu ndiye anayekula sana." Mimi nimeolewa Masama, kwa hiyo nilikuwa naenda kumwamkia nilipopata nafasi. Kaka yetu mkubwa, Eliamani, anaishi Dar es Salaam.

Binti wa kaka, Aika, ni mtafiti wa chuo kikuu. Anashughulika na umeme wa majumbani, na nyumba ambazo mzee anaweza kuishi bila kuanguka. Aliomba aanze na nyumba ya bibi yake. Akaja na begi lake, akakaa, akawa anamfuata mama tangu alfajiri, aone anapojikwaa, anapoinama, anapopapasa ukuta.

"Mjukuu wangu," mama akamwambia, "umesoma miaka yote hiyo uje kunifuata chooni?"

Aika alicheka, akaendelea kumfuata. Baadaye akaleta mafundi. Waliweka sola juu ya bati. Walichimba shimo la gesi, samadi ya ng'ombe ikawa ndiyo inayopika, na moshi ukaacha kumtoa mama machozi. Kutoka mlango wa nyuma mpaka bandani waliweka vyuma vya kushikilia na taa zinazojiwasha zenyewe mtu akipita. Taa ya kwanza ikiwaka asubuhi, mimi na Aika tulipata ujumbe kwenye simu kwamba bibi ameamka. Mama alijivuna sana. Aliwaita majirani waje waone moto wa mavi.

Desemba kaka alipanda Marangu na familia, kama tunavyorudi wote kula sikukuu nyumbani, na safari hiyo alikuja na wageni wake wa kazini. Wakamkuta mama akitoka mgombani na mzigo wa majani kichwani. Kaka aliona aibu. Nakwambia ukweli, hata mimi niliona aibu. Tukakaa kikao sebuleni. Kaka akasema mama mwenye watoto wanaojiweza hawezi kuonekana akibeba majani ya ng'ombe. Ng'ombe aondoke, aletwe msichana wa kazi, na mama apumzike.

Aika alisimama kwa heshima. "Baba, nyumba hii nimeipanga kwa kumfuata bibi. Njia yake yote inaishia bandani. Ng'ombe akitoka, gesi inakwisha, na bibi hatakuwa na pa kwenda asubuhi."

"Gesi ya mtungi ipo dukani," kaka akamjibu. "Wewe umesomea nyaya. Mimi namjua mama yangu."

Aika akakaa. Kwetu binti habishani na baba yake mbele ya watu. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema, maana ni dada mtu, ila nilitikisa kichwa kukubali. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi. Mama alikuwa chumba cha pili akimenya ndizi za supu ya mtori, anatusikia, na hakuna aliyemwita.

Ng'ombe alipotolewa, mama alisimama ameshika chuma. Hakulia. Alisema tu, "Mwangalieni mguu wa nyuma, unamuuma kwenye mteremko."

Nyumba ikabaki na kila kitu. Msichana alipika, alifua, alimletea mama chai kitandani. Ujumbe wa asubuhi ukaanza kuchelewa, kisha siku nyingine haukuja kabisa. Aika akanipigia. "Shangazi, taa za njia ya bandani haziwaki tena." Nikamjibu kwamba ndiyo vizuri, umeme hautumiki bure. Yeye akaniomba niende.

Nilimkuta mama kitandani jua likiwa juu. Sikuona ugonjwa wowote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikamuuliza anaumwa nini.

"Siumwi. Mlinipumzisha kabla sijachoka," akasema. "Sasa nimechoka kwa kupumzika."

Nikamwambia tutamrudisha ng'ombe wake, hata kesho. Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Miguu imeshasahau, binti yangu. Mngeniuliza ile siku ningewaambia."

Alituacha kabla ya mvua za masika. Tulimzika kihambani, kando ya baba. Mimi sikumlaumu kaka, maana kichwa kilichotikiswa kilikuwa changu. Aika bado anafanya kazi yake. Siku hizi hafungi hata waya mmoja mpaka familia yote ikae na mzee awe katikati, aseme mwenyewe siku yake huwa inaendaje. Amenieleza kwamba wengi wanakasirika, wanaona anawapotezea muda.

Mwanangu, mjengee mzazi wako nyumba nzuri. Mwekee taa, mwondolee moshi, mpunguzie ngazi. Vitu hivyo ni vyema, wala simlaumu aliyevibuni. Ila kabla hujamtoa mzee kazi mkononi, kaa naye umuulize kazi hiyo inampa nini. Akikwambia umwondolee, mwondolee. Akikwambia umwachie, msaidie aifanye bila kuumia, hata kama wageni wako watacheka.

Mungu akuwekee wazee wako wakusumbue miaka mingi. Na siku yako ya kushika ukuta itakapofika, akupe watoto wenye kuuliza.