Mbalamwezi na Presha ya Baba

Baba alikuwa na hakika kwamba mbalamwezi huunguza viazi. Kwetu Molo, usiku wa mbalamwezi ukipita, asubuhi majani huwa yamekauka na kuwa meusi kwa baridi. Nami, tangu nimalize chuo kikuu nikapata kazi Nakuru, nilimpinga kila nilipokuja nyumbani.

"Si mbalamwezi, Baba. Mawingu yakikosekana, ndipo unauona mwangaza, na ndipo joto la shamba linapotoroka. Sababu ni moja, wewe unalaumu taa."

"Nimelima viazi kabla hujazaliwa. Wewe umelima nini? Vitabu?"

Tulipenda mabishano hayo kuliko chakula. Mama hakuyapenda. Jioni moja, baada ya kumpima Baba presha kwa kile kimashine chake, aliniita jikoni.

"Kila ukija, presha ya babako inapanda. Ukienda, inashuka. Nimeangalia muda mrefu. Tafadhali mwanangu, kaa kwanza huko Nakuru."

Mama alikuwa na vipimo. Mimi nilikuwa na uchungu tu, na uchungu si hoja. Nisije nyumbani? Halafu nikayakumbuka mawingu. Mimi nilikuwa nikija mshahara ukiingia, siku za mwisho wa mwezi. Ni nini kingine kilichotokea siku hizo hizo?

Nilirudi sebuleni, nikachukua kopo la dawa za Baba pale dirishani, nikalitikisa. Kimya.

"Huwa zinaisha kabla ya kliniki ya mwanzo wa mwezi," Baba akasema, akitabasamu kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. "Navumilia tu kidogo."

"Unavumilia!" Mama akasema kutoka mlangoni. "Na mimi namfukuza mtoto!"

Mwezi uliofuata nilikuja katikati, kopo likiwa bado na dawa. Tulibishana kuhusu mbalamwezi, kuhusu mbolea, kuhusu mhubiri mpya, mpaka mbwa akaondoka sebuleni. Mama akamfunga Baba mkanda wa kimashine, akasoma, akapima tena. Presha ilikuwa sawa.

"Umeona?" Baba akamwambia. "Huyu hana makosa. Ana mdomo tu."

Ningenyamaza hapo, lakini sijui kunyamaza. "Kupima siku moja hakuthibitishi kitu," nikasema.

Mama akakunja mkanda polepole, akanisogezea sahani ya viazi.

"Basi wiki ijayo uje tupime tena."