Lambert Hakula Kwangu

Watu wa Fond Kasav watakwambia Lambert Etienne alikuwa nusu bubu. Uongo. Alikuwa anasema vizuri tu, ila hakuwa na haraka. Ukimuuliza swali asubuhi, jibu ulipata mchana, na lilikuwa la kweli. Nimekaa naye uzio kwa uzio miaka hamsini na ushei, kwa hiyo anayetaka kubisha aje abishe na mimi.

Alikuwa fundi. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na nyundo ya baba yake, msumeno mmoja, na sikio la kujua mbao iliyooza kwa kuigonga tu. Nusu ya mapaa ya kijiji aliyapiga yeye. Nyumba yake mwenyewe haikuisha. Upande wa jikoni ulikaa bila ukuta miaka kumi, na mama yake, Ma Theodoline, alikuwa akiwaambia wapita njia, "Mwanangu anajenga kwa watu. Kwake anakuja kulala tu."

Hakuoa. Miguu ya mama yake ilianza kuuma, kisha ikakataa kabisa, na Lambert ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akamsuka nywele. Mwanamume kusuka nywele! Watu walicheka mpaka walipoona mistari ilivyonyooka. Mimi mwenyewe siwezi kusuka vile.

Kisha kikaja kimbunga, mwezi wa tisa. Kilianza jioni, na kulipopambazuka hapakuwa na kijiji. Mlima uliokuwa kijani tangu Mungu auweke pale ulikuwa wa kahawia, kama umeungua, na moto haukupita. Mabati yalikuwa yamejiviringisha kwenye magogo kama vitambaa vya kichwa. Tulizika watu wanne kabla hatujapata maji ya kunywa.

Siku ya tatu tulikutana kwenye ukuta wa kanisa uliobaki. Cyprien wa bondeni alisimama wa kwanza, maana mdomo wake haujui foleni.

"Bati ni la aliyeliokota," akasema. "Upepo umegawa upya."

"Upepo haujawahi kununua bati," nikamjibu. "Lenye alama lirudi kwa mwenyewe. Hata kama limeshapigiliwa."

"Na kama mtu amelala chini yake, Ma Ozelia?"

"Aamke."

Watu walicheka. Tulikuwa na siku tatu hatujacheka. Mimi pia nilicheka. Na ikawa sheria, na Cyprien akatoa mabati sita ya watu aliyokuwa ameshayaficha.

Jambo la pili tulilokubaliana ni uzio kwanza, paa baadaye. Nguruwe na mbuzi walikuwa wanazurura, na chakula kilichobaki kilikuwa chini ya ardhi tu, magimbi na viazi vikuu. Nguruwe akipita shambani siku moja, umekula udongo hadi Krismasi. Kwa hiyo tukafanya koudmen, kazi yetu ya kusaidiana toka zamani. Leo kwangu, kesho kwako. Mwenye zamu anapika, na waliofanya kazi wanakula pale pale, pamoja. Ukifanya kazi usile, umemtukana mwenye nyumba mbele za watu. Ni afadhali umtemee mate.

Sasa mabati yangu. Marehemu mume wangu, Everard, alikwenda kukata miwa ng'ambo miaka sita, akarudi na mabati kumi na sita. Kabla hajaezeka aliyapaka rangi ya buluu upande wa ndani, na kila moja akaliandika jina langu kwa nyeupe, herufi kubwa kama kiganja. OZELIA. "Ili hata wewe uweze kusoma," akasema, mjanja yule. Shule nilikwenda miaka miwili. Lakini jina langu nalisoma hata likiwa kichwa chini.

Nilizunguka mlima na fimbo yangu nikayapata kumi na mawili. Moja lilikuwa mtoni, jingine limekumbatia mshelisheli. Manne sikuyaona. Chumba changu cha kulala kikabaki wazi. Nilifunga turubai, likapigapiga kama mtu anayegombana, na mvua ikawa inaingia itakavyo. Nililala nimekaa, chini ya meza, mwezi mzima. Hilo nalo liandikwe.

Zamu ya uzio wa Lambert ilikuwa wiki ya tano. Niliingia ndani kumsalimia mama yake. Alikuwa kitandani, mkavu, amesukwa vizuri. Nilipoinua macho nililiona jina langu juu yake. Mara nne.

"Kila nikifumbua macho nakusoma wewe," Ma Theodoline akasema. "Ozelia, Ozelia, Ozelia. Hata nikiumwa hunipi nafasi."

"Yamefikaje hapa?"

"Yalijileta. Asubuhi ile yalikuwa mlangoni, yamepangana kama yameitwa. Lambert alitaka kukuletea. Mimi ndiye niliyemwambia angoje kidogo."

Nilitoka nje. Kama Lambert angekuwa peke yake, sijui ningesema nini. Lakini kijiji kizima kilikuwa pale na majembe na waya, na Cyprien alikuwa amechungulia dirishani akaona nilichoona.

"Haya, Ma Ozelia!" akapaza sauti. "Sheria ni sheria? Au ilikuwa ya wengine?"

Mimi sikuzaliwa wa kurudisha neno mdomoni.

"Lambert," nikasema, "mabati yangu manne yako juu ya kitanda cha mama yako."

"Najua, Ma Ozelia." Aliitazama nyundo yake. "Nipe wiki mbili. Mama hatavuka mbili."

"Sheria haina wiki."

Tulingoja jibu la mchana, kama kawaida yake. Halikuja. Aliweka waya chini, akanawa mikono, akaegemeza ngazi, akapanda.

Alifungua misumari mmoja mmoja. Kila mmoja aliunyoosha juu ya jiwe, akautia kwenye kopo. Ma Theodoline walimbeba juu ya mlango uliong'oka, wanaume wanne, kumpeleka shuleni, maana madarasa mawili yalikuwa na paa la zege na familia ishirini zilikuwa zimejazana humo. Njia inapita langoni kwangu. Waliposimama kubadilishana mabega, aligeuza kichwa.

"Asante kwa mabati, Ozelia. Yana maandishi mazuri."

Lambert aliyabeba mabati kichwani, mawili mawili, akayapigilia kwangu siku ile ile, kwa misumari ile ile. Nilipika magimbi, ndizi mbichi na samaki wa chumvi. Tangu alfajiri alikuwa amekunywa kikombe cha kakao tu.

"Shuka ule, Lambert."

"Nimeshiba, Ma Ozelia."

Ma Theodoline alikufa siku ya tisa, darasani, kikohozi kimemshika kifuani, chini ya ubao wenye hesabu za watoto ambazo hakuna aliyezifuta. Labda angekufa chini ya mabati yangu pia. Lambert mwenyewe alisema hatavuka wiki mbili. Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Ni kweli, na haijanisaidia. Mbao hazikuwepo, kwa hiyo Lambert alitengeneza jeneza kwa mbao za kitanda cha mama yake.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya uzio wangu. Nilijua hatakuja. Alifika wa kwanza, umande bado haujakauka. Alikata vigingi vya ule mti unaochipua ukiuchomeka, akavichomeka, akavuta waya ukalia kama uzi wa gitaa. Hakuwahi kufanya uzio mzuri kuliko ule kwa mtu yeyote. Watu walipokaa kula, yeye alikaa mbali, mgongo kwenye gogo la mshelisheli lililobaki bila tawi, akanywa maji yake kutoka kwenye chupa yake.

"Njoo ule, bwana," Cyprien akamwita. "Chakula hakina kosa."

"Hakina," Lambert akasema. Akanywa tena maji.

Hakuna aliyecheka. Nilisimama na sahani mkononi mbele za watu wote hadi ikapoa.

Ikaenda hivyo miaka kumi na moja. Upepo ukilaza kigingi kimoja, Lambert alikuja bila kuitwa. Kabla ya mvua za kila mwaka alipanda juu ya chumba changu akaziba kwa lami matundu ya zamani ya misumari, yale aliyoyatoboa mabati yakiwa juu ya kitanda cha mama yake, maana msumari haukubali kuingia palepale mara mbili. Na kila mara nilipika. Nilijaribu kumpelekea sufuria nyumbani. Lilirudi limeoshwa, na mbwa wa Cyprien akanenepa. Nikabadilisha chakula, nikachinja kuku, nikaweka pilipili, nikatoa pilipili. Jibu lake likawa lile lile: "Nimeshiba, Ma Ozelia."

Chumba cha mama yake hakukiezeka tena. Alihamia upande wa jikoni, akaupa ukuta mwishowe, na kile chumba akakiacha na kuta zake tu. Majani yakaota pale kitanda kilipokuwa.

Mwaka juzi nilichoka. Alikuwa anakaza waya. Nikamwendea asubuhi.

"Lambert, unataka nikuombe msamaha?"

Alikaza waya mpaka kona. Akahamia upande wa pili. Jua lilikuwa utosini alipojibu.

"Hapana, Ma Ozelia. Sheria ilikuwa nzuri. Watu wengi walipata paa kwa ajili yake."

"Basi kwa nini huli kwangu?"

Alijigusa koo, hapa, kwa kidole chenye lami.

"Haishuki," akasema. "Siku ile nilijaribu. Haishuki."

Kumbe miaka yote nilidhani ananikomoa. Ningejua kupambana na mtu anayenikomoa.

Amekufa mwaka huu, mwezi wa pili, kifua kama mama yake. Alizikwa mchana. Dada yake Verna alikuja kutoka mjini akapika pale pale kwa Lambert, kwa ajili ya waliochimba kaburi na waliobeba jeneza. Nilikwenda na fimbo yangu. Nilitaka kusimama kidogo nirudi. Verna akaja na sahani, shelisheli ya kuchoma na samaki.

"Kula, Ma Ozelia. Kaka alikuwa anasema wewe ndiye jirani yake."

Cyprien alikuwa ananitazama. Wote walikuwa wananitazama. Amezeeka Cyprien.

Ndani mlijaa watu. Niliingia chumba cha Ma Theodoline, kile kisicho na paa, nikakaa juu ya jiwe katikati ya majani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka humo ndani kama nje. Nikala. Kila tonge lilisimama kooni, nami nikalisukuma, na jingine, na jingine, samaki amelowa, shelisheli imelowa. Verna alikuja mlangoni akaniambia nihamie jikoni, nitapata baridi. Nikamwambia aniache nimalize.