Dakika za Dada wa Ghana

Niliacha shule kidato cha pili, lakini nilijua kupiga taipu na kutafsiri, na kwa hayo mawili nikapata kazi katika nyumba moja ya ushauri kule mtaa wa Muthangari. Watu walikuja kueleza shida zao, nasi tulikuwa na mwanafunzi wa digrii ya pili, dada kutoka Ghana, aliyekuwa akijifunza kuwasikiliza. Kiswahili hakujua. Masikio yake yalikuwa mimi.

Kila Alhamisi aliketi saa nzima na mwalimu wake, mama wa Kihindi ambaye Kiswahili chake kiliishia dukani. Walifungulia tepu ya mazungumzo ya wiki, wakaisimamisha, wakairudisha nyuma, kisha mwalimu akamuuliza, "Hapo, wewe mwenyewe ulisikiaje moyoni?" Saa nzima, jamani! Mimi nilikaa pembeni chai ikipoa, nikingoja kuulizwa maana ya neno. Jioni nikitembea River Road nilijiona niko kwenye kile kiti cha dada, naulizwa nilisikiaje. Hata kikohozi cha dada nilikionea wivu, maana mwalimu alikiulizia hali.

Wiki moja akaja mama fundi cherehani. Mdogo wake alikuwa amejenga nyumba ya mawe. "Tangu ahamie," akasema, "roho inaniuma."

Kwetu nani asiyejua kwamba hapo ni kijicho? Mimi nikatafsiri neno kwa neno: moyo wake unauma. Nilijua ninachofanya. Dada wa Ghana akashtuka, akamwandikia barua akapimwe moyo hospitali.

"Kumbe nimekuja kuambiwa mimi mgonjwa?" mama akasema, akachukua kikapu chake. Hakurudi.

Alhamisi tepu ikafunguliwa. Mezani palikuwa na fomu ya kumaliza mafunzo; bila sahihi ya mwalimu, dada angerudi kwao mikono mitupu.

"Mteja wako amekimbia," mwalimu akasema. "Kwa nini?"

Dada akafuta macho. "Sijui, madam. Pengine sina masikio ya kazi hii."

Hilo la masikio likanichoma. "Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Yule mama hakuwa mgonjwa. Alikuwa na wivu. Nilijua, nikanyamaza."

"Ukanyamaza kwa nini?"

Kiingereza chote kikanitoroka. "Roho inaniuma," nikasema.

Dada aliyakumbuka maneno hayo ya tepu, akaruka kitini. "Na wewe pia? Tumwite daktari?"

"Hapana, dada. Inauma kwa sababu yako."

Akanitazama, kisha akacheka huku bado analia, nami nikacheka kwa aibu.

Mwalimu hakucheka. Akasukuma fomu chini ya sahani ya kikombe. "Kesho mtamtafuta yule mama, nyote wawili. Sahihi baadaye." Akazima tepu, akageuza kiti chake kunielekea. "Haya. Tangu lini inauma?"

Saa ya dada ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili. Nilizimaliza zote.