Jibu Ndiyo Kama Unakuja

Nilipofungua saluni yangu hapa mtaa wa Observatory, muuzaji wa huduma ya meseji aliniuliza kama nataka namba ya kawaida, ambayo wateja wanaweza kuijibu, au meseji zitoke kwa jina la saluni tu. Nikachagua jina, nionekane mtu mkubwa. Nikawaandikia wateja: "Jumamosi nasuka nusu bei. Jibu NDIYO kama unakuja."

Hakuna aliyejibu. Nikanuna, na Jumamosi nikabaki kitandani.

Mama Furaha, jirani wa saluni, akapiga simu. "Dada, uko wapi? Wanawake wamejaa mlangoni kwako."

Nikakimbia na kanga ya kulalia. Mteja wa mbele akaninyooshea simu yake. "Eish, dada, kila nikituma ndiyo inakataa. Ulitaka tujibu wapi?"

Wakacheka wote. Nikacheka nao, nikitafuta funguo.