Nilimficha Nyar Asembo Kwa Simu

Makosa ni yangu, shetani hakuniambia kitu. Mimi sijui kuandika. Naongea, mjukuu wangu anaandika. Usiniangalie hivyo, nyathina, mtoto wangu, andika tu.

Huyu ndiye alitutengenezea webusaiti, sisi wamama wa samaki hapa Dunga, kando ya ziwa. Mteja anaandika kile anatafuta, simu inamletea picha zetu, wa juu mpaka wa chini. Akaniuliza, na hiyo sauti yake ya kubembeleza kuku, "Dani, nyanya yangu, wateja huita kila mtu nani? Nataka wakiandika hilo jina, mwenyewe atokee juu."

Ya wengine nilisema vizuri. Ikafika kwa rafiki yangu.

Si unajua sisi mwanamke akiolewa anaitwa kule alizaliwa. Yeye ni Nyar Asembo, binti wa Asembo, tangu tuanze kuanika omena, hawa dagaa wetu, pamoja. Wateja walikuwa wananipita kama jiwe, wanaenda kwake. Nikasema huyo andika jina ya kitambulisho. Hiyo jina hata mimi sikuwa naijua!

"Na wakiandika Nyar Asembo?"

"Weka mimi. Sisi ni kitu moja."

Mtoto akaniamini.

Wuololo, walikuja! Mwalimu mmoja wa Kaloleni, anaongea kwa pua kama amebanwa na mlango, akaniuliza mbona akitafuta Nyar Asembo anaona mimi. Nikamwambia yule amechoka na kazi. Na rafiki yangu alikuwa hapo nyuma ya mashua, anageuza omena yake!

Siku moja rafiki yangu akaniuliza polepole, "Kwani nimekosea watu nini?"

Nikamtania ati ni uzee. Hakucheka. Akanipa wavu yake ya kuanikia, akaenda kwa msichana yake Eldoret.

Sasa naiga mwalimu, naiga chifu, hakuna mtu anashika mbavu. Ni yeye alikuwa anacheka. Nikimpigia, yule msichana wa simu anasema, "Mteja hapatikani kwa sasa." Huyo pia nimeshajua kumuiga.

Nilidanganya mjukuu ati nilisahau jina ya rafiki yangu, akarekebisha webusaiti. Ukweli anausikia leo, akiandika.

Wewe unayeulizwa nani akae juu, usifiche mwenzako. Utabaki hapo juu na wateja, na hakuna wa kuongea naye.

Kila jioni namwambia huyu mtoto aandike Nyar Asembo. Anatokea wa kwanza, anacheka na pengo yake. Chini imeandikwa: leo hana samaki.