Hodi ya Saa Nane Mchana

Kisa hiki sikuhadithiwa. Kilinipata mimi mwenyewe, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, dukani kwangu Chimala, mvua ikinyesha na mafundi wa gereji ya jirani wamejibanza kibarazani wakipiga soga.

Nina steshenari. Anwani yangu ya barua pepe ndiyo sanduku la posta la nusu ya mtaa. Asiye na yake hutumia yangu. Sasa mimi nimelelewa kwamba mtu akibisha hodi unaitika. Basi kila barua niliyoiona niliijibu, hata ile iliyosema nimeshinda bahati nasibu nisiyoicheza. "Asante, Mungu akubariki." Chekeni tu. Kumbe kila jibu lilikuwa linawaita matapeli wengine, barua taka zikajaa kama magugu kwenye jaruba la mpunga.

Wiki hiyo Tumpe, binti wa jirani yangu, alikuwa anasubiri barua ya chuo cha uuguzi. Asipojibu kufikia Ijumaa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kila asubuhi alipita, "Dada, bado?" Bado. Roho iliniuma.

Jumatano ikaingia barua yenye jina lake na kiambatanisho: MAJIBU YA CHUO, FUNGUA HARAKA. Nilifurahi jamani! Kidole kiko kwenye kipanya, nikasikia, "Hodi."

"Karibu," nikajibu bila kugeuka.

"Kamwene, mwanangu. Unanikaribisha hujaniona?"

Nikageuka. Bibi mmoja aliyevaa kitenge, miguu peku, ameshakaa kwenye benchi ukutani.

"Kamwene, bibi," nikaitika salamu ya kwetu. "Unisamehe."

"Na huyo anayebisha humo," akasema taratibu, akiitazama kompyuta, "katoka wapi?"

Swali la kawaida, sivyo? Mimi sikuwa nimewahi kuliuliza. Nikasoma anwani chini ya jina la chuo: herufi na namba zilizovurugika, chuo hakimo. Na jina la Tumpe wamelipata wapi? Kwangu! Wiki iliyotangulia nilimjibu mmoja wao, "Samahani, ninyi ndio chuo? Tumpe wetu anasubiri." Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Nikageuka kumshukuru bibi. Hayupo. Niaminini, mlango ni mmoja, na kuufikia lazima unipite. Nje tope tupu, lakini sakafu haikuwa na unyayo hata mmoja, na benchi lilikuwa kavu. Mafundi waliapa hawakuona mtu.

Nikakaa nikachambua barua taka zote, moja moja. Barua halali ya chuo ilikuwa humo, imefukiwa siku nne. Tumpe alijibu jioni ileile. Sasa yuko mwaka wa pili. Mwenye steshenari nyingine hapo mtaani naye alitumiwa barua kama ile, akaifungua. Virusi vikaifunga kompyuta yake, na vyeti vya watu alivyovihifadhi havijaonekana tena.

Siku hizi nina kinga ya virusi, na nisiyemjua simjibu. Hata mteja akibisha nauliza, "Nani? Wa wapi?" Wananiita balozi wa nyumba kumi. Waache waite.

Nawe unayesoma, barua ikikuita kwa jina usikimbilie kuifungua. Uliza kwanza imetoka wapi. Ile ya Tumpe niliiuliza ilikotoka. Yule bibi sikumuuliza alikotoka, na nilishamkaribisha. Mvua ikinyesha, lile benchi nalikalia mwenyewe, asije akalikuta wazi.